Uzi Haukukatika

Shangazi Persis alikuwa amevaa gauni ambayo haijashonwa.

Phanice aliiona akiwa bado mbali, anapanda kilima cha Nyanchwa na hotpoti ya wali mikononi, akafika kwa geti akasimama hapo hapo. Watu walikuwa wanampita wakimsalimia, "Sabato njema, Phanice," naye anajibu na kichwa tu. Macho yake yalikuwa kwa Shangazi. Shangazi alikuwa amesimama kando ya hema kubwa la makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, mama mnene mrembo, anasalimiana na akina mama wa kanisa, na ile gauni ya maruni imemkaa vizuri ajabu. Ukiangalia ungesema imeisha. Ina kola, ina vifungo, imepigwa pasi mpaka inang'aa.

Lakini mikono ya hiyo gauni, na mbavu zote mbili, zilikuwa zimeshikwa na uzi wa kushikiza peke yake.

Kama hujawahi kukaa kwa fundi, wacha nikuambie. Fundi mzuri hakimbilii mashine. Anaanza na sindano ya mkono, anapitisha uzi mrefu, hatua kubwa kubwa, ya kushikilia kitambaa tu isitembee. Halafu ndiyo anapiga mashine juu yake. Akimaliza anavuta ule uzi wa kwanza, unatoka wote mara moja, anautupa. Ndiyo maana mafundi hushikiza na rangi tofauti. Gauni nyeusi, uzi mweupe. Ili uuone, usiusahau.

Sasa jana, Ijumaa, pale kwa duka ya Shangazi Kisii mjini, uzi mweupe ulikuwa umeisha. Gauni za kwaya yote zilikuwa tayari, imebaki moja tu, ya Shangazi mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye mwalimu wa kwaya na alikuwa amewashonea wenzake kwanza. Jua lilikuwa linashuka, na likizama Sabato imeanza, kazi yote inasimama. Shangazi alikuwa kwa mlango, shingo nje, anaangalia mwanga kwa mabati ya ng'ambo kama mtu anangojea mgeni.

"Anti, nyeupe imeisha," Phanice alisema.

"Si kuna ya maruni? Shikiza na hiyo. Uzi ni uzi."

Phanice alitaka kusema, Anti, hiyo itatuchanganya. Neno lilifika kwa koo, likarudi. Hivyo ndivyo alikuwa. Maneno yake mengi yalikuwa yanaishia kwa koo tangu akiwa mtoto, tangu mama yake afariki na Shangazi amchukue amlee. Alikuwa anampenda Shangazi, na alikuwa anamwogopa, na hangejua kukuambia gani imezidi. Akashikiza na maruni. Na kabla afike kwa mashine, Shangazi akapiga makofi mlangoni bila kugeuka.

"Funga! Sabato haingojei mtu!"

Wakafunga. Mtu akazikunja gauni zote pamoja ndani ya mfuko. Na Phanice akalala akijua kwamba kesho Shangazi atavaa ile gauni ya mwaka jana.

Sasa kesho imefika, na Shangazi hajavaa ile ya mwaka jana.

"Utabeba hiyo chakula mpaka ikuwe mbegu tena?"

Phanice aligeuka. Masese alikuwa amesimama kwa geti, ndani kidogo tu ya geti, kama mtu hajaambiwa bado aingie ama atoke. Shati nyeupe, suruali ya pasi, viatu vimepakwa rangi mpaka anaweza kujiona. Na yale macho. Masese hakuwa anakuangalia haraka haraka kama vijana wengine. Alikuwa anakuangalia pole pole, kama ana siku nzima.

"Umekuja," Phanice alisema.

"Sabato njema."

Akacheka bila kutaka. "Nani amekufundisha?"

"Nimefanya mazoezi kutoka Magwagwa. Mzee tulikaa naye kwa gari aliniuliza nimebatizwa lini." Akashika hotpoti, akaitoa mikononi mwake, na vidole vyao vikagusana chini yake pale hakuna mtu anaona. "Wewe, mbona uko baridi hivi? Ni juu ya leo?"

Leo. Ee, kulikuwa na hiyo pia.

Wazazi wa Masese walikuwa wametuma neno kwamba wanataka kuja kwa ekerorano, ile siku ya familia mbili kuonana na kuongea mambo ya watoto wao. Baba yake Phanice, Mzee Fred, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa amejibu kwamba atatoa neno siku ya mwisho ya makambi. Hiyo siku ilikuwa leo. Na watu wote walijua kwamba Mzee Fred hawezi toa neno juu ya Phanice bila dada yake Persis. Na Persis alikuwa ameshatoa lake, jikoni, mwiko mkononi: "Mkatoliki? Wa kuuza uzi? Nimelea huyu mtoto kwa Sabato, halafu Jumamosi akuwe anafua nguo za mtu?"

Kuuza uzi. Ni kweli Masese alikuwa anauza uzi, na zipu, na vifungo, kwa kibanda kidogo nyuma ya soko Kisii, na alikuwa fundi pia akipata kitambaa. Phanice alimjua huko. Shangazi ndiye alimtuma mara ya kwanza, na kipande cha kitambaa cha buluu, atafute uzi wa kumechi. Phanice akachukua rola moja kwa rafu, akasema hii ni sawa. Masese akatingisha kichwa.

"Uzi haichaguliwi ndani ya duka. Ndani ya duka kila kitu inafanana. Kuja kwa jua."

Akamshika mkono, mkono uliokuwa na kitambaa, akamvuta mpaka nje, akaweka rola tatu za buluu juu ya hicho kitambaa. Na kwa jua ikaonekana kweli, mbili zilikuwa zinadanganya. Moja tu ndiyo ilipotea ndani ya kitambaa ukashindwa kuiona. Phanice alisahau kurudisha mkono wake. Baadaye akawa anaenda kila wiki. Alikuwa na uzi wa rangi zote kwa droo, hata za vitambaa ambavyo Shangazi hakuwa navyo.

Na kuna siku Masese alikata kipande cha uzi, akakifunga kwa kidole cha pete cha Phanice. Phanice akasema pole pole, "Kwetu hatuvai pete."

"Najua. Nimeuliza. Pete hamvai. Na uzi?"

"Uzi..." Alifikiria sana. "Uzi hakuna mtu amekataza."

Alikaa na huo uzi kwa kidole mpaka ukachakaa ukaanguka wenyewe kwa maji ya kuosha vyombo, na akalia juu ya sinki kama mjinga.

"Phanice," Masese alimwita sasa, sauti chini. "Ni nini?"

Kabla amwambie, sauti ya Shangazi ikatoka kule nyuma ya hema, ile sauti haihitaji maikrofoni.

"Phanice! Kuja huku! Kwaya inangojea nani, malaika?"

Akakimbia.

Nyuma ya hema kwaya ilikuwa imejipanga kufanya mazoezi ya mwisho, wasichana na akina mama, wote maruni. Cynthia, binti wa jirani na rafiki yake wa tangu shule, alimvutia nafasi kando yake kwa sauti ya pili, akamnong'onezea, "Nimeona mtu fulani kwa geti. Manze, amevaa mpaka ametoa pasi joto."

Phanice hakucheka. Alienda mpaka mbele, kwa Shangazi.

"Anti. Hiyo gauni..."

"Imenikaa, eh?" Shangazi alizunguka kidogo. "Mkono wako unaendelea kuwa mzuri. Nimeambia Mama Pasta ni wewe."

"Anti, hapana, hiyo gauni haija..."

"Ongea kama mtu amekula! Wewe utanong'ona mpaka kwa kaburi. Rudi kwa mstari. Haya, wote, wimbo wa kwanza. Kifua juu!"

Na Shangazi akainua mikono.

Sasa lazima ujue vile Shangazi Persis anaongoza kwaya. Haongozi na vidole. Anaongoza na mwili mzima, anatupa mikono juu kama mtu anarushia watu ndizi kutoka kwa lori. Mkono wa kulia ulipanda. Kukasikika sauti ndogo, *trrrrr*, kama mtu anafungua zipu ya mfuko. Na mkono wa gauni ukaachana na bega, pole pole, bila haraka, kutoka kwa kwapa, ukateremka mpaka kwa kiwiko. Ubavu nao ukafuata. Petikoti nyeupe ikatoka kusalimia watu.

Halafu Cynthia akasema, "Uwii."

"Leso!" Shangazi alipiga kelele. "Leteni leso! Mnaangalia nini, hamjawahi ona petikoti?"

Wakamzunguka, wakamfunga leso. Shangazi alikuwa anapumua kama amepanda kilima akikimbia. Akashika ule mshono uliofunguka, akaona uzi wa maruni unaning'inia, na uso wake ukabadilika. Phanice aliona vile ulibadilika. Haikuwa hasira tu. Ilikuwa ni kama alikuwa amengojea kitu, na sasa kimekuja.

"Hii uzi tulinunua wapi?"

Akauinua ule mwisho wa uzi watu wauone.

"Nimeuliza uzi ya maruni imetoka kwa nani!"

Cynthia, ambaye mdomo wake hutangulia akili, akasema, "Si ni kwa Masese..." halafu akajishika mdomo.

"Kwa Masese," Shangazi alisema. "Kwa Masese! Enda mniitie Fred. Na huyo mwenyewe pia, si nimemwona kwa geti amejipamba? Aitwe!"

Wakaja. Mzee Fred alikuja na Biblia kwapani, mtu mrefu, mkimya, Phanice alikuwa amechukua ukimya kwake. Masese alikuja nyuma yake, bado ameshika hotpoti, maskini, hakuna mtu alikuwa amempokea.

"Fred," Shangazi alisema, "wewe uliniambia tuombe Mungu atuonyeshe. Si ndiyo? Haya. Ametuonyesha. Angalia!" Akafungua leso kidogo, akaonyesha bega. "Hiyo ndiyo uzi huyu kijana anauzia watu. Imeoza! Imenivua nguo mbele ya watoto wa wenyewe, siku ya Sabato, siku ya makambi! Mtu anauza uzi imeoza, nyumba yake itakuwa aje? Ndoa yake itashikwa na nini?"

Mzee Fred alimgeukia Masese. "Kijana. Ni uzi yako?"

Masese aliweka hotpoti chini. Akasogea, akauliza kwa heshima, "Mama, naomba nione." Shangazi akamnyooshea mshono kama mtu anamwonyesha mwizi kitu ameiba. Masese akauangalia. Akauangalia vile anaangalia kila kitu, pole pole. Yale matundu yako mbali mbali. Ule uzi mrefu, umelala tu.

Na Phanice akaona Masese amejua.

Alijua hapo hapo. Fundi yeyote angejua. Hiyo haikuwa mshono wa mashine, ilikuwa ni kushikiza, na mtu aliyeshikiza hakumaliza kazi. Masese akainua macho, akamtafuta Phanice kati ya gauni zote za maruni, akampata. Wakaangaliana. Lilikuwa jicho la mtu anauliza, ni wewe? Na Phanice hakuficha. Ni mimi.

Masese akageuka kwa Shangazi, akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mama," alisema. "Labda ni uzi."

"Si labda!"

"Ni uzi, mama. Pole sana."

Phanice alimkodolea macho. Huyu mtu ambaye anatoa watu nje kwa jua ili uzi usiwadanganye. Huyu mtu alikuwa amebadilishia mteja rola nzima kwa sababu ilikuwa na fundo moja katikati. Amesimama mbele ya baba yake na kwaya nzima, siku ile anataka kusikia ndiyo, na amekubali kwamba anauza uzi umeoza. Ili yeye asigombezwe.

"Basi umesikia, Fred," Shangazi alisema. "Amekubali na mdomo wake. Waambie watu wao wasijisumbue kuja."

Mzee Fred alishusha pumzi. Aliangalia binti yake, na macho yake yalikuwa na huruma, lakini alisema, "Kijana, umesikia. Enda salama."

"Asante, mzee," Masese alisema. Akageuka. Akaanza kutembea kuelekea geti, mabega yamenyooka, hakimbii, na shati yake nyeupe ikawa inapotea pole pole kati ya watu.

"Hapana."

Hakuna mtu alisikia. Phanice mwenyewe hakuwa na uhakika kama limetoka.

"Hapana!"

Hiyo walisikia. Hata kina mama waliokuwa wanapakua chakula upande ule mwingine waligeuza shingo. Shati nyeupe ikasimama.

"Unaambia nani hapana?" Shangazi aliuliza.

"Wewe, Anti." Mdomo ulikuwa umeshafunguka na haukuwa na breki. "Uzi haijaoza. Haijakatika hata. Hiyo gauni haijapigwa mashine. Nilishikiza jana, ukasema funga, tukafunga. Umevaa gauni ya kushikiza, Anti."

"Unanijibu? Mbele ya watu?"

"Umemtukana mbele ya watu. Basi nitajibu hapo hapo."

"Nyasae! Mungu wangu!" mama mmoja alisema kwa nyuma.

Phanice akamsogelea Shangazi. Akashika mkono wa kushoto wa gauni, ule uliokuwa bado mzima. Shangazi akashtuka akataka kurudi nyuma, lakini Phanice alikuwa tayari ameingiza kidole kwa kwapa na kupata kifundo, kile kifundo chake kidogo ambacho alikuwa amekifunga mwenyewe. Akakikata na meno. Akavuta.

Uzi ukatoka. Ukatoka, ukatoka, ukatoka, kama hautaisha, wote mzima, maruni, mrefu kuliko Phanice mwenyewe, na mkono wa kushoto wa gauni ya Shangazi Persis ukaanguka kwa nyasi.

"Baba, shika." Akampa mwisho mmoja. "Kama ingekuwa imeoza, ingetoka vipande vipande. Hii imetoka moja. Vuta."

Mzee Fred alipeana Biblia kwa mtu. Akauzungusha uzi kwa mikono miwili, akavuta. Akavuta tena, mishipa ikasimama kwa shingo. Uzi ukamwingia kwa ngozi, ukaacha alama nyekundu kwa vidole, lakini wenyewe hata haukulia.

"Persis," alisema, anapuliza vidole, "hii inaweza kufunga ndama."

Mtu akacheka, akanyamaza haraka.

"Nilijua rangi moja itatuchanganya," Phanice aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti haikushuka. "Nilijua, nikanyamaza, kama vile mimi hunyamaza. Na yeye ameangalia huo mshono mara moja tu akajua, akakubali kuitwa mwongo juu yangu. Anti, umenilea, na sitawahi sahau. Lakini huyu mtu mnamfukuza kwa kitu hajafanya. Kama ni Ukatoliki, muambieni ni Ukatoliki. Msiseme ni uzi." Akavuta pumzi. "Na nampenda. Hiyo pia sijawahi sema. Nimesema sasa."

Masese alikuwa amerudi. Hakuna mtu alimwona akirudi, alikuwa tu hapo, nyuma ya kwaya, na uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu ameona jua mara ya kwanza. Cynthia alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Shangazi Persis alikuwa amesimama na leso yake, mikono yote miwili ya ngozi nje. Akainama, akaokota mkono wa gauni kwa nyasi.

Hapo ndipo spika ikalia kutoka kwa hema: "Kwaya yetu ijiandae, wao ndio wanafuata."

"Yesu," Shangazi alisema, akakaa kwa kiti.

Masese akapita katikati ya watu. Akatoa kijikaratasi mfukoni, ndani kulikuwa na sindano. Fundi hatembei bila sindano.

"Mama, mimi si Msabato. Nipe tu dakika kidogo, nitashika hiyo mikono."

"Kijana," Mzee Fred alisema, "amri ya Sabato inakataza kazi hata kwa mgeni, akiwa ndani ya lango lako."

Masese alifikiria. Akageuka, akaangalia geti.

"Basi nitasimama nje ya lango, mzee. Mama atoe mkono tu juu ya ua."

Cynthia ndiye alianza. Alicheka mpaka akashikilia mwenzake. Halafu sauti ya kwanza yote, halafu ya pili. Na Shangazi, ambaye alikuwa anajaribu kufinya midomo, aliachilia kicheko kimoja kikubwa kutoka chini kabisa ya tumbo, na leso ikateremka, na akaendelea kucheka akiivuta.

"Aki huyu," alisema, anapanguza macho. "Eti juu ya ua." Halafu akatulia, akatingisha kichwa. "Lakini hapana, mwanangu. Jana nilifunga mashine juu ya Sabato. Siwezi fungua leo juu ya aibu."

"Nimeelewa, mama," Masese alisema. Akarudisha sindano mfukoni. Na Phanice aliona Shangazi ameona hiyo pia, vile aliirudisha bila kubishana.

"Sasa nani ataongoza?" mama mmoja aliuliza. "Hatuwezi simama huko kama mihindi."

Wakaangaliana.

"Phanice anajua zote," Cynthia alisema. "Mimi hupita hapo kwa duka, namsikia. Akidhani hakuna mtu, huimba sauti zote, na mkono unaongoza bobini za uzi kama ni kwaya."

Phanice alitaka ardhi ifunguke. Shangazi alimwangalia kwa muda mrefu, kutoka kwa nywele mpaka kwa viatu, kama anapima kitambaa hajawahi kata.

"Hiyo sauti umenijibu nayo," alisema. "Iko ingine huko ndani?"

"Iko, Anti."

"Basi enda uitoe."

Hema lilikuwa limejaa mpaka watu wamesimama nje. Phanice alipopanda jukwaani aliona nyuso tu, nyuso na kofia na miamvuli. Lakini alipogeuka kwa kwaya aliona Cynthia anamkonyezea, na akainua mikono. Hakuirusha kama Shangazi. Aliinua kidogo tu, vile unashika kitambaa kikipita chini ya sindano. Mashine inajua kuvuta yenyewe, kazi yako ni kukishikia njia. Sauti ya kwanza ikaingia. Akaingiza ya pili. Sauti nzito za kina mama zikaja chini kama ngurumo ya mvua ikitoka upande wa Nyamira. Na yeye mwenyewe akafungua mdomo akaimba, akiwa amewapa watu mgongo, akiimbia kwaya, na sauti yake ikapita juu ya vichwa vyao, ikatoka nje ya hema, ikateremka kilima.

Kufika wimbo wa pili, watu walikuwa wamesimama. Wazee walikuwa wanapunga vitambaa. Mtu alisema amina, mwingine akajibu, na ikawa amina kila mahali. Phanice alipogeuka mwishoni kuinamisha kichwa, aliona baba yake kwa mstari wa mbele, mtu yule mkimya, amevua miwani anaipanguza na tai. Na huko nyuma kabisa, karibu na geti, aliona shati nyeupe. Masese hakuwa anapiga makofi. Alikuwa amesimama tu, mikono juu ya kichwa, kama mtu timu yake imeshinda na haamini.

Alishuka akatembea moja kwa moja mpaka kwake, mbele ya watu wote. Hata hakukimbia.

"Umesikia?" alimuuliza.

"Dunia mzima imesikia."

"Usiwahi tena kujisingizia uwongo juu yangu."

"Sitarudia."

"Apa."

"Si nyinyi hamuapi?"

Akampiga kwa bega, na mkono ukabaki huko kwa bega. Hapo ndipo kivuli kikubwa kikawafunika. Shangazi alikuwa amefika, amejifunga leso mbili, moja juu moja chini, na Mzee Fred nyuma yake. Mkono ukashuka haraka.

"Wewe, omomura," Shangazi alimwambia Masese, kama vile kwao huita kijana.

"Ee, mama."

"Uliona ule mshono ukajua."

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, ungemgeukia yeye."

Shangazi alitingisha kichwa. "Mkimya ameoa mkimya. Hiyo nyumba majirani wangekuja kupima kama kuna watu wako hai." Akamwangalia Phanice, na macho yake yakawa na maji. "Lakini huyu leo amepata mdomo. Sasa pole kwako." Akashika kidevu cha Phanice, kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo. "Ulinipigia kelele mbele ya Mama Pasta."

"Nisamehe, Anti."

"Sikusema uombe msamaha. Nimesema ulipiga." Akamwachilia. "Mambo ya kanisa mtayaongea nyinyi wawili, na mtaongea sana, na mimi nitasikiza kila siku na sitafurahia kila siku. Umenielewa, omomura?"

"Nimeelewa, mama."

"Fred. Si wewe ndiye baba? Mbona nimeongea peke yangu?"

Mzee Fred alikohoa. Akamnyooshea Masese mkono, ule wenye alama nyekundu kwa vidole, na Masese akaushika na mikono yake miwili.

"Waambie wazazi wako waje," alisema. "Jumapili ya wiki ijayo. Asubuhi na mapema, tuongee tukiwa na nguvu."

Masese alifungua mdomo, akaufunga. Phanice alijua ni kwa nini, na alikuwa tayari anatafuta neno, lakini Shangazi alikuwa amemtangulia.

"Asubuhi wapi, Fred?" alisema, anajikaza leso. "Waje saa nane. Wamalize misa kwanza."